Mwendelezo upi wa dinosauri uuweke leo? Sita kwenye mizani moja

Rimoti iko mkononi, una saa mbili za bure, na roho inataka dinosauri. Jurassic Park ya 1993 umeshaiona mara nyingi hadi unajua ni sekunde ipi maji yatatetemeka kwenye glasi. Unataka nyingine, na hapo ndipo kichwa kinapoanza kuuma: baada ya ile zimefuata sita, majina yanafanana kama ya mapacha, na karibu kila bango lina mifupa ile ile ya Tyrannosaurus. Nimezitazama zote, baadhi mara nne au tano, moja mara moja tu ikanitosha.

Nina mizani yangu, na afadhali niiweke mezani mapema ili tukitofautiana ujue tumeachana njia wapi. Sihesabu dinosauri ni wangapi, wala sipimi urefu wao. Natazama filamu inafanya nini kabla mnyama hajatokea. Katika zile dakika 127 za 1993, dinosauri wanaonekana kwa kama dakika 15 tu. Muda uliobaki ni kusubiri: uzio umekatika umeme, mbuzi alikuwa amefungwa pale na sasa hayupo, mtoto ndani ya gari anauliza kaenda wapi. Steven Spielberg alikuwa amejifunza somo hilo kwa shida. Alipotengeneza Jaws, iliyotoka mwaka 1975, papa wake wa mitambo alikuwa akiharibika ovyo kwenye maji ya chumvi, ikabidi amfiche kwa sehemu kubwa ya filamu. Watu wakaogopa bahari kwa ajili ya kitu ambacho hawakukiona. Mafanikio ya filamu hiyo ndiyo yaliyozifundisha kampuni za Marekani kuyaweka mapigo yao makubwa msimu wa kiangazi, shule zikiwa zimefungwa, na hizi sita ni wajukuu wake wa moja kwa moja: zote zilitoka kati ya Mei na Julai.

Sasa mwendelezo una tatizo ambalo filamu ya kwanza haikuwa nalo. Mtazamaji amekwisha kumwona mnyama. Kumficha tena mtu unayemjua ni kazi ya ufundi, na njia rahisi ni kuleta mwingine mwenye meno mengi zaidi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wagema wa Hollywood wao hawatii maji, wanaongeza ukubwa wa mtungi.

1997 au 2015

Kama umeshapunguza orodha, huenda umebaki na mbili hizi: The Lost World: Jurassic Park (1997, dakika 129) na Jurassic World (2015, dakika 124). Zote zinarudia safari ya kwanza kwa nguvu zaidi, lakini zinaelekea pande mbili tofauti kabisa.

Ya 1997 aliiongoza Spielberg mwenyewe. Ian Malcolm, yule mwanahisabati mwenye maneno mengi anayeigizwa na Jeff Goldblum, anakwenda kisiwa cha pili, Isla Sorna, kumfuata mpenzi wake Sarah (Julianne Moore). Ni filamu ya usiku na mvua, na imejaa watu wenye elimu kubwa wanaofanya mambo ya kipumbavu. Wanamchukua mtoto wa T. rex aliyevunjika mguu, wanamwingiza ndani ya trela yao ili wamfunge mguu, halafu wanashangaa wazazi wake wanapobisha hodi. Ukitaka kuichukia filamu hii, sababu zipo tele. Lakini kinachofuata baada ya hodi ile kinatosha kuisamehe yote.

Wazazi wanarudishiwa mtoto wao, wanaondoka, kisha wanarudi. Wanaisukuma trela hadi nusu yake inaning'inia kwenye jabali, bahari ikipiga miamba huko chini. Sarah anaanguka urefu wote wa trela na kutua kifudifudi juu ya kioo cha nyuma. Kioo hakivunjiki. Kinatoa ufa mmoja mwembamba chini ya kiganja chake. Anahamisha mkono taratibu, na ufa wa pili unatambaa kutoka pale alipoegemea. Unausikia. Kila anapojaribu kujiinua, uzito wake mwenyewe ndio unaomwangamiza. Hakuna dinosauri hata mmoja kwenye picha kwa wakati huo, na ndiyo dakika ninayoshika kiti kwa nguvu kuliko zote katika filamu hizi sita.

Baadaye kuna nyasi ndefu. Kundi la watu linakimbilia humo usiku, na kamera inapanda juu: unaona mistari inajichora kwenye nyasi, ikiwaendea watu kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja. Mtu mmoja anazama. Kisha mwingine. Rapta wenyewe, wale dinosauri wawindaji, unawaona kwa kufumba na kufumbua tu. Spielberg anakuonyesha njia wanayopita, na kichwa chako kinamalizia mengine.

Kasoro? Kuna msichana anayempiga rapta teke kwa kutumia sarakasi za jimnastiki, na sijakutana na mtu anayelitetea teke hilo. Kisha nusu saa hivi ya mwisho T. rex anafikishwa San Diego, na wengi huona kama wamebadilishiwa mkanda. Mimi sehemu ile naipenda. Kuna mtoto anayeamka usiku, anachungulia dirishani, anamkuta T. rex anakunywa maji kwenye bwawa la kuogelea la nyumbani kwao, halafu anakwenda kuwaamsha wazazi ambao bila shaka hawamwamini. Ni mzaha wa mtu anayejua kazi yake.

Jurassic World ya Colin Trevorrow inafanya kila kitu mchana kweupe. Bustani hatimaye imefunguliwa, wageni zaidi ya 20,000 wanazunguka na vinywaji mkononi, na shida ya biashara ni kwamba wamezoea. Claire (Bryce Dallas Howard), meneja wa mahali hapo, anasema wazi mwanzoni kwamba dinosauri hamshangazi mtu tena. Kila baada ya miaka michache lazima wabuni kivutio kipya. Ndiyo maana wametengeneza Indominus rex, mnyama ambaye hakuwahi kuwepo, mchanganyiko wa maabara. Hapo filamu inajisema yenyewe, na inajisema vizuri. Tatizo ni kwamba baada ya kukejeli tamaa ya kikubwa zaidi, inakuletea kikubwa zaidi. Angalia tu onyesho la Mosasaurus: chambo anachorushiwa ni papa mweupe mzima, mnyama yule yule aliyewakimbiza watu ufukweni 1975. Sasa ni kitafunwa.

Hata hivyo ina subira yake mahali pawili. Pa kwanza ni kizimba cha Indominus. Vipima joto havimwoni, ukutani kuna alama za makucha, kila mtu anaamini ametoroka, na watu wanaingia ndani kukagua. Utajua kinachokuja, na bado utasogea mbele kwenye kiti. Pa pili ni Apatosaurus anayekufa. Owen (Chris Pratt) na Claire wanapiga magoti kando ya kichwa chake nyikani. Kichwa kile ni sanamu ya mitambo, kitu ambacho waigizaji waliweza kukishika, na unaitambua tofauti mara moja kwenye mikono yao: wanagusa ngozi, hawapapasi hewa. Kwa sekunde chache Claire anaacha kuwaita mali ya kampuni.

Upande wa fedha hakuna ushindani. Ya 1997 iliingiza kama dola milioni 618 duniani kote, ya 2015 ikapita bilioni 1.6. Usichague kwa hilo. Chagua kwa kuangalia sebule yako. Mkiwa wengi, kuna makelele, watu wanainuka na kurudi, na nusu ya kundi wako kwenye simu, weka ya 2015. Inavumilia yote hayo, na pambano lake la mwisho lilitengenezwa ili watu wapige kelele pamoja. Mkiwa wawili, au uko peke yako na unaweza kuzima taa, weka ya 1997. Taa nakusisitizia. Filamu ile ina giza kiasi kwamba ukiitazama mchana dirisha likiwa wazi, utajiona wewe mwenyewe kwenye skrini zaidi ya utakavyowaona rapta.

Fupi kuliko zote

Jurassic Park III (2001) hudharauliwa, na mimi ni mmoja wa watetezi wake wachache. Iliongozwa na Joe Johnston, ina dakika 92 tu, na haijifanyi kuwa na hekima yoyote. Dkt. Grant (Sam Neill), yule mtaalamu wa visukuku wa filamu ya kwanza, anadanganywa na mume na mke kwamba ataruka tu juu ya kisiwa. Ndege inatua, inaanguka, kimbieni. Wanamtafuta mtoto wao aliyepotea. Basi. Muda ambao nyingine zinautumia kueleza mipango ya kampuni, hii imeshawalisha wanyama watu watatu.

Ina simu inayoita tumboni mwa mnyama. Mtu aliyekuwa na simu ya setilaiti ameliwa nayo, kwa hiyo kila mlio wake ukisikika msituni, unajua Spinosaurus yuko karibu. Ukiitazama kwa mizani yangu, hiyo ni hila safi: mnyama anajitangaza kabla ya kuonekana, na muziki wake ni mlio wa simu wa kufurahisha. Kisha kuna kizimba cha ndege. Ukungu mzito, daraja jembamba la chuma, na kitu kinachokuja kwa miguu, hatua baada ya hatua, daraja likitikisika. Unadhani ni mtu. Ni Pteranodon aliyekunja mabawa. Tukio hilo peke yake ningeliweka kwenye filamu ya 1993 na hakuna ambaye angesema halifai.

Mashabiki walichokasirikia ni kwamba Spinosaurus anamvunja T. rex shingo mapema tu, kama mgeni anayemtoa mwenyeji kitini. Naelewa hasira hiyo. Lakini mnyama yule ana kisa kinachonifanya nimtazame kwa jicho jingine. Mifupa yake ya kwanza iliyoelezwa ilitoka Misri mwaka 1912, Mjerumani Ernst Stromer akampa jina 1915, na mifupa yote ikateketea Munich ilipopigwa mabomu Aprili 1944. Kwa miongo kadhaa wanasayansi walibaki na michoro na picha. Kwa hiyo watu wa filamu mwaka 2001 walikuwa wanamjenga mnyama ambaye nusu yake ni kubahatisha, wakampa miguu ya kukimbilia na mkia wa kawaida. Mifupa mipya kutoka Moroko, iliyotangazwa 2014 na tena 2020, ilimleta tofauti kabisa: miguu ya nyuma mifupi na mkia mpana kama kasia. Kama siku za karibuni utaitazama pia ile ya 2025, mwangalie Spinosaurus wa humo. Yuko majini, anaogelea, amerekebishwa. Ni raha ndogo ya mtu anayezitazama kwa mpangilio.

Na ndiyo, mwisho wake ni wa ghafla mno. Unadhani umeme umekatika.

Nusu nzuri ya 2018

Jurassic World: Fallen Kingdom (dakika 128) ni filamu mbili zilizoshonwa pamoja. Nusu ya kwanza ni volkano inayolipuka na watu wanaotaka kuwaokoa wanyama kisiwani. Nusu ya pili ni jumba kubwa la kifahari, usiku, mnada chini kwenye ghorofa ya ardhini, na jitu linalotembea juu ya paa. J. A. Bayona, muongozaji, alishafanya filamu ya kutisha ya nyumba yenye watoto kabla ya hii, na mkono wake unaonekana mara tu tunapoingia ndani ya kuta.

Kuna tukio moja linalopita kiwango cha filamu yenyewe. Meli ya mwisho inaondoka, geti limefungwa, na Brachiosaurus anafika gatini akiwa amechelewa. Moshi wa volkano unakuja nyuma yake. Analia, anasimama kwa miguu ya nyuma, na moshi unammeza hadi anabaki kivuli, halafu hata kivuli hakipo. Hao walio kwenye meli hawasemi kitu. Ni mnyama wa aina ile ile aliyetufungulia macho 1993, akisimama namna ile ile, na hapa ndiyo mara ya mwisho. Nilimtazamisha mpwa wangu wa miaka saba filamu hii nikidhani kitakachomsumbua ni makucha. Makucha aliyavumilia, ingawa Indoraptor, lile jitu la jumbani, anapofungua mlango wa roshani na kunyoosha ukucha mmoja kuelekea kitanda cha mtoto aliyejifunika shuka, yeye pia alijifunika. Lakini siku mbili baadaye alichoniuliza kilikuwa ni kwa nini hawakumsubiri yule wa gatini.

Mwenye watoto wadogo achukue hilo kama onyo. Zote sita zina alama ya PG-13 nchini Marekani, yaani wazazi waangalie vizuri kwa walio chini ya miaka 13, lakini alama hiyo haikuambii ni woga wa aina gani. Woga wa 2015 ni wa kukimbia na kupiga mayowe, unaisha filamu ikiisha, isipokuwa kifo kirefu cha yule msaidizi anayebebwa na Pteranodon, ambacho ni cha kikatili bila sababu. Woga wa 2018 unaingia chumbani kwa mtoto na kukaa. Ukitazama na wa miaka sita hadi tisa, anza na ya 2015. Ya 2018 mwachie akue kidogo.

2022, kwa ufupi

Jurassic World Dominion ina dakika 147, na ndiyo niliyosema nimeitazama mara moja. Sam Neill, Laura Dern na Jeff Goldblum wako pamoja kwa mara ya kwanza tangu 1993, jambo ambalo lingetosha kuijaza filamu. Badala yake wamepewa kisa cha nzige. Umesoma vizuri: katika filamu ambayo dinosauri wamesambaa dunia nzima, hatari kubwa ni nzige waliotengenezwa maabara. Ipo pia mbio ya pikipiki Malta inayofanana na filamu za majasusi kuliko na chochote kilichotangulia.

Ina hazina moja. Claire anajizamisha kwenye dimbwi msituni, taratibu, maji yakimfika hadi puani, wakati Therizinosaurus mwenye makucha kama mapanga anamtafuta kwa kusikiliza. Dakika chache za kimya. Anayetaka tu hiyo anaweza kuitafuta peke yake.

Na hapa nacheka kidogo, kwa sababu filamu ninayoipendekeza kidogo kuliko zote ndiyo inayomheshimu zaidi mwanasayansi upande mmoja: manyoya. Visukuku vya dinosauri mwenye manyoya vilitangazwa China mwaka 1996, kabla hata mwendelezo wa kwanza haujatoka. Velociraptor halisi alikuwa na ukubwa wa bata mzinga, na mwaka 2007 mfupa wa mkono wake ulionekana na vijinundu ambapo manyoya yalijishika. Filamu zikaendelea kutuletea rapta wakubwa wenye ngozi tupu, isipokuwa vijishungi vichache kichwani mwaka 2001. Ni Dominion ndiyo iliyoleta dinosauri waliofunikwa manyoya sawasawa. Sifa yake wapewe.

Kwa kuwa tuko kwenye sayansi, jiandae kwa maswali ya watoto. Mosasaurus si dinosauri, ni mtambaazi wa baharini. Pteranodon naye si dinosauri. Indominus, Indoraptor na yule wa 2025 mwenye kichwa kilichovimba hawakuwahi kuishi popote. Na hapana, hatuwezi kuwafufua: DNA ya zamani zaidi iliyowahi kusomwa, kutoka udongo ulioganda wa Greenland, ina umri wa kama miaka milioni 2. Dinosauri wakubwa walikwisha miaka milioni 66 iliyopita. Pengo hilo hata mbu wa kwenye kaharabu halizibi.

2025: mpya, na imerudi nyuma makusudi

Jurassic World Rebirth (dakika 134) ndiyo inayonisumbua kuipangia nafasi. Wahusika wote wa zamani wameondoka. Kuna Scarlett Johansson kama mamluki, Mahershala Ali kama nahodha wa boti, Jonathan Bailey kama mtaalamu wa visukuku, na kazi yao ni rahisi kueleza: sampuli tatu za damu, moja kutoka kwa mnyama wa baharini, moja wa nchi kavu, moja wa angani, kwa ajili ya dawa ya moyo. Muongozaji ni Gareth Edwards, aliyeongoza Godzilla ya 2014, mtu anayejua kumfanya mnyama aonekane mkubwa kwa kumwonyesha nusu. Mwandishi ni David Koepp, yule yule wa filamu mbili za mwanzo.

Kurudi kwa Koepp kunaonekana mtoni. Tukio la T. rex na boti ya mpira liko katika riwaya ya Michael Crichton ya 1990, lakini halikuingia filamu ya 1993. Limesubiri miaka 35 kupata nafasi. Binti anahitaji boti iliyokunjwa, na iko hatua chache kutoka kwa T. rex aliyelala. Anaivuta. Inasuguana na ardhi. Kisha, kwa bahati mbaya, inaanza kujijaza upepo yenyewe, kwa kelele zote ambazo kitu kama hicho hufanya, na hakuna namna ya kuinyamazisha. Nilicheka na kuziba mdomo kwa wakati mmoja. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na tukio hili linajua hivyo: T. rex hakimbii hata kidogo pale mwanzo, na ndiyo maana akija kuwafuata majini unakuwa umekwisha kuchoka kwa hofu.

Kisha, kama kawaida, filamu inakumbuka kwamba inapaswa kuwa kubwa. Mwishoni anatokea Distortus rex, mwenye miguu sita na kichwa kama cha kuumwa na nyuki, na sikumwogopa. Namwona ni mchoro. Familia inayookolewa baharini nayo inakula muda ambao ungetumiwa na mamluki, na ajali inayoanzisha yote, karatasi ya pipi inayokwama kwenye mfumo wa milango ya maabara yenye bajeti isiyo na mwisho, ni ya kukufanya usitishe filamu na kuangalia waliokaa nawe.

Faida yake kubwa kwa anayechagua leo ni kwamba haihitaji kujua chochote kilichotangulia. Ya 2001 nayo hivyo hivyo, karibu. Ya 1997 na ya 2015 zinahitaji uwe umeiona ile ya kwanza. Ya 2018 haina maana bila ya 2015, kwa sababu hisia zote za rapta aitwaye Blue zimejengwa kule. Ya 2022 inakutaka uwe umeziona tatu: 1993, 2015 na 2018.

Kwa hiyo, kwa mtu anayeniuliza mlangoni na hana muda: usiku, taa zimezimwa, 1997. Kundi kubwa, 2015. Una saa moja na nusu kabla ya kulala, 2001, wala usiombe radhi kwa yeyote. Hujawahi kutazama hata moja na hutaki masomo ya nyuma, 2025. Ya 2018 itazame siku unayoweza kuvumilia kuhuzunika, na majina yakianza kupanda usizime. Kuna Pteranodon wawili mwishoni kabisa, Las Vegas, wanatua juu ya ule mnara wa Eiffel wa kuigiza.